Barua kwa Zuhura kuhusu RRR

Tanga

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu zako zimefika, na huku hatujambo. Watoto wazima, embe zimeanza, na yule mwenye nyumba bado hajaleta fundi wa bomba. Hayo tutaongea kwenye simu. Nimeshika kalamu kwa sababu ya ujumbe wako kuhusu ile filamu ya RRR, ule uliosema umeizima pale Bheem anapomngurumia chui milia usoni, ukamalizia kwamba picha la Kihindi ni lilelile tangu enzi za mabanda ya video: stelingi hafi, risasi zinamkwepa, basi. Nilianza kukujibu kwa sauti nikaacha. Ujumbe mrefu wewe unauruka, nakujua.

Nakubali, ni uongo. Mtu hawezi kumkimbiza mnyama vile, wala hawezi kushika kamba za wavu kwa mikono miwili huku chui anamtemea mate. Lakini umezima mapema mno, Zuhura. Ungevumilia kidogo ungemwona akimlaza yule mnyama kwa dawa za majani, kisha anainama na kumwomba radhi, kwamba nisamehe ndugu yangu, nakutumia kwa shida zangu. Hapo ndipo nilipokaa vizuri kwenye kiti. Mtu mwenye nguvu za kutisha, na adabu ya mtu wa msituni. Na wala hujajua anamkamatia nini. Utajua saa nzima baadaye, na nakuapia utasimama.

Halafu hii haikutoka Bombay. Ni filamu ya Kitelugu, ya watu wa Hyderabad, na mwongozaji wake S. S. Rajamouli ndiye yule wa filamu ya Baahubali. Kwake filamu ni kazi ya ukoo: hadithi kaandika baba yake, V. Vijayendra Prasad, muziki ni wa binamu yake M. M. Keeravani, na mavazi kayashughulikia mkewe. Walianza kupiga picha mwaka 2018, korona ikawakuta katikati, ikatoka Machi 2022. Inatajwa kwamba imekula karibu rupia bilioni 5.5, kama dola milioni 70 na ushei. Fedha hizo unaziona. Ukiona umati nje ya kituo cha polisi, ni umati kweli, sio watu kumi wanaozungushwa mbele ya kamera.

Sasa sikiliza kilichofanyika, maana bila kukijua filamu yote inaonekana wazimu. Kulikuwa na watu wawili wa kweli. Alluri Sitarama Raju aliongoza uasi wa Rampa dhidi ya Waingereza, 1922 hadi 1924, kwenye milima ambako watu walikatazwa kulima na kukata kuni katika misitu yao wenyewe. Alivamia vituo vya polisi akachukua bunduki, na mwaka 1924 wakamkamata wakampiga risasi. Komaram Bheem alikuwa Mgondi, mtu wa kabila la msituni, wa Adilabad. Yeye aligombana na Nizam wa Hyderabad, mtawala wa Kihindi aliyekaa chini ya kivuli cha Waingereza, na aliuawa mwaka 1940. Hawakuwahi kuonana. Rajamouli akasema, je, wangekutana Delhi mwaka 1920, vijana, kabla hawajawa majina? Ni kama mtu wetu atengeneze filamu ambayo Mkwawa na Kinjikitile wanakutana Bandari ya Salama, wanakuwa marafiki wa kufa na kuzikana, na kila mmoja hajui mwenzake ni nani. Mwalimu wako wa historia angezimia. Mimi ningekata tiketi.

Kwa hiyo tusiitafutie ukweli wa tarehe. Haikuuahidi.

Uliyemwona akiingia katikati ya maelfu ya watu na rungu lake kumkamata mtu mmoja aliyerusha jiwe ndiye Ram, polisi wa Waingereza. Anamleta mtu wake, anarudi amepasuka kila mahali, halafu vyeo vinapotolewa wanapewa wazungu. Bheem naye kaja mjini kumtafuta mtoto wa kijijini kwao, Malli, aliyechukuliwa na mke wa gavana kwa sababu ana sauti nzuri na anajua kuchora hina. Yule mama karusha sarafu mbili, wazazi wakadhani ni zawadi ya wimbo. Kumbe ndiyo bei ya mtoto. Ram katumwa kumkamata huyo mtu wa msituni, ila hamjui sura. Na wawili hao wanakutana kwenye daraja, bila kujuana, wakimwokoa mtoto anayezingirwa na moto mtoni. Mmoja juu ya farasi, mwingine kwenye pikipiki, kamba moja kiunoni kwa kila mmoja, wanajirusha pande mbili za daraja. Bendera ikaloweshwa maji ili imkinge mmoja na moto. Hawajaambiana hata jina. Wameonyeshana ishara za mikono tu, na wakashikana mkono chini ya daraja, na urafiki umeshaisha kujengwa.

Hapo ndipo nguvu ya filamu hii ilipo, na ndiyo maana nasema chui sio tatizo. Wengi wanaotengeneza mapigano makubwa husimamisha hadithi, watu wapigane, kisha hadithi iendelee. Huyu hadithi yake inatembea ndani ya mapigano. Ukiondoa daraja, hakuna urafiki. Ukiondoa ule usiku wa wanyama kuvamia sherehe ya gavana, hakuna usaliti. Kila jambo lisilowezekana limebeba jambo ambalo mimi na wewe tunalijua: kumwamini mtu kwa mara moja, kumficha rafiki siri, kulazimika kumuumiza unayempenda.

Hata ule wimbo. Najua umechoka na Naatu Naatu, umepigwa kwenye kila harusi tangu upate Oscar Machi 2023, wimbo wa kwanza kutoka filamu ya India kuipata. Lakini uangalie ndani ya filamu. Mzungu mmoja kamdhalilisha Bheem mbele ya wageni kwamba hawa watu wanajua nini kuhusu dansi. Ram anachukua ngoma. Kinachofuata ni pigano safi, ila hakuna anayepigwa: wanacheza mpaka wazungu wanaanguka mmoja mmoja kwa kuchoka, na mwisho wamebaki marafiki wawili wakishindana wenyewe. Ram anaona yule dada wa Kizungu, Jenny, anamshangilia Bheem. Basi anajifanya mguu umemgoma, anaanguka, rafiki apate ushindi mbele ya msichana. Sekunde chache tu. Mpangaji wa dansi, Prem Rakshith, kawafunga miguu kama mapacha, hujui nani anaanza na nani anafuata. Na lile jumba la buluu nyuma yao sio Delhi wala India. Ni kasri la Mariinskyi, Kyiv, walikopiga Agosti 2021. Miezi michache baadaye vita vikaingia mji huo. Kila nikiuona wimbo nayakumbuka hayo, ingawa haihusiani na filamu.

Kitu kingine ambacho watu hawakitaji sana ni risasi. Mwanzoni kabisa askari anataka kumpiga risasi mama yake Malli. Gavana Scott, aliyechezwa na marehemu Ray Stevenson, anamzuia. Sio kwa huruma. Anamweleza kwamba risasi ile imetengenezwa Uingereza, imevuka bahari, mpaka kufika kwenye mtutu gharama yake ni pauni nzima, kwa nini uiharibu kwa takataka? Basi askari anaokota gogo. Sijaona filamu iliyoeleza ukoloni kwa haraka hivyo: hesabu tu, ya duka, na mama amelala chini. Na ile risasi inarudi na kurudi mpaka mwisho, ukoo mzima wa Ram umezunguka suala la nani ana bunduki. Ndiyo maana nasikitika kwamba baada ya hotuba ile Scott na mkewe hawapewi tena kitu cha maana. Wanabaki kukenua na kutaka damu. Wapo Waingereza waliolalamika kwamba wamechorwa vibaya. Mimi hilo halinipi shida, mwaka mmoja tu kabla ya 1920 ile ya filamu askari walikuwa wamefyatulia watu risasi kule Amritsar, India. Shida yangu ni kwamba adui mjinga anampunguza stelingi. Yule mwenye hesabu ya risasi alikuwa anatisha. Yule wa mwisho anasubiri tu kufa.

Wanawake nao wamekuja kupita. Alia Bhatt, anayecheza Sita, mchumba wa Ram, ni nyota mkubwa kuliko nusu ya watu wote mle ndani, na kazi yake ni kusubiri na kulia vizuri. Jenny na Bheem hawasikilizani lugha, jambo ambalo lingeweza kuwa tamu, ila limeachwa kwenye vichekesho. Malli mwenyewe, ambaye kila kitu kinafanyika kwa ajili yake, tunamsahau kwa muda mrefu. Na kile kisa cha utoto wa Ram na baba yake, aliyechezwa na Ajay Devgn, kimekaa katikati ya nusu ya pili kama lori lililoharibikia kilimani. Ni kirefu, na kina huzuni ya kukamuliwa. Nenda kapashe chai.

Lakini malalamiko yangu makubwa siyo hayo.

Unajua hawa waigizaji ni wa nani? Ram Charan, anayecheza Ram, ni mtoto wa nyota Chiranjeevi. N. T. Rama Rao Jr., anayecheza Bheem, ni mjukuu wa N. T. Rama Rao, nyota aliyeishia kuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Ni koo mbili za filamu zenye mashabiki wanaoshindana kama Simba na Yanga. Hata jina RRR lilianza kama herufi za mwanzo za Rajamouli, Ram na Rama Rao, asionekane yeyote katangulia. Na filamu nusu nzima ya kwanza imepimwa kwa mizani ya sonara. Mmoja ni moto, mwingine ni maji. Mmoja anaingia na umati, mwingine na chui. Mmoja anampa mwenzake ushindi wa dansi, mwingine anamtoa sumu ya nyoka. Ule usawa unaonekana kama siasa ya mashabiki, kumbe umezaa kitu kizuri: marafiki wawili ambao hakuna mkubwa. Mara ngapi umeona hiyo? Hata kwenye Sholay, ambayo sote tumelelewa nayo, mmoja alibidi afe ili hadithi ikamilike. Hapa hakuna anayeruhusiwa kufa, koo zote mbili zingeandamana.

Kilele cha usawa huo ni kiboko. Bheem kakamatwa, na aliyemkamata ni Ram. Wamemfunga mbele ya watu, Ram ndiye anapewa mjeledi, na yule mama, mke wa gavana, anaona mjeledi hautoshi, analeta wenye miiba. Bheem anatakiwa apige magoti. Hapigi. Anaanza kuimba, nyama inachanika, na anaimba, na mpiga mjeledi analia kwa ndani kwa sababu ndiye rafiki. Nani anaumia zaidi pale? Sikuweza kusema. Kisha watu waliokuja kutazama wanavunja uzio kwa mikono mitupu. Na Ram, ambaye maisha yake yote ameamini kwamba ukombozi utakuja siku kila mtu wa kijijini kwao akiwa na bunduki, anakiri kwamba mtu mmoja kwa wimbo tu amewageuza watu wenyewe kuwa silaha.

Zuhura, filamu ingebaki na wazo hilo, leo ningekuandikia barua nyingine kabisa. Haikubaki nalo. Imelitamka, ikalisahau. Mwisho wa yote ni masanduku ya bunduki yanapelekwa kijijini kwa akina Ram, sawasawa na alivyotaka mwanzo.

Kuanzia kiboko mizani inainama. Bheem anakutana na Sita, mchumba wa Ram, anaambiwa kwamba Ram alikuwa upolisini kwa siri ya kutafuta silaha. Anapigwa na butwaa, anajilaumu: mimi nilikuja kwa ajili ya mtoto mmoja, yeye anapigania nchi, na mimi mtu wa msituni sikuelewa. Subiri kwanza. Ni nani aliyechapwa? Ni nani alikuwa anajua anachopigania tangu dakika ya kwanza? Mtoto mmoja aliyenunuliwa kwa sarafu mbili sio nchi? Halafu anakwenda kumtoa Ram gerezani, alikofungwa kwa kumsaidia yeye kutoroka, na kumbeba mabegani, wakipigana mmoja juu mwingine chini. Ni pigano la ajabu, nimelirudia mara nyingi, lakini angalia nani yuko chini. Halafu Ram anavaa nguo ya rangi ya zafarani, anashika upinde, nywele zimeachiwa, na sasa yeye sio mtu tena, ni Rama mwenyewe, mungu wa Wahindu, na mchumba wake ndiye Sita wake. Bheem, aliyeleta habari za Sita na kumbeba bwana wake mabegani, amegeuka Hanuman, yule mtumishi mwaminifu. Watu wa kule hawahitaji kuelezwa, wanaliona papo hapo.

Na mwisho, Ram anamuuliza Bheem nikulipe nini. Bheem anaomba kufundishwa kusoma. Ram anamwandikia kwenye bendera: maji, msitu, ardhi. Maneno hayo, shoga, ni ya Bheem wa kweli. Ndiyo kauli yake, ndiyo Wagondi wanayomkumbukia mpaka leo. Na husimuliwa kwamba alijifunza kusoma alipokuwa kijana mtoro, akifanya kazi kwenye mtambo wa kuchapa. Filamu imemnyang'anya sauti yake ikampa mwenzake, kisha ikamfanya ashukuru. Hilo ndilo linaloniuma, wala sio fizikia ya pikipiki. Uongo wa pikipiki unanikuza, nataka na mimi niruke. Uongo huu unampunguza mtu mmoja, na mtu huyo ndiye wa msituni, ambaye tayari kila mtu anampunguza.

Wimbo wa mwisho unamalizia kazi. Wanacheza mbele ya picha za mashujaa wa India, Bhagat Singh yumo, Bose yumo, Patel yumo, mpaka Shivaji wa karne ya 17. Gandhi hayumo. Ambedkar, aliyewapigania watu wa tabaka la chini, hayumo. Sidai kila filamu ya uhuru iwe na Gandhi, na hii ni filamu ya bunduki, ingekuwa kichekesho kumweka. Ila ukiweka orodha ile pamoja na nguo ya zafarani na upinde, na ukajua siasa za India za miaka hii, za utaifa wa Kihindu, huwezi kusema ni bahati mbaya.

Unaona sasa kwa nini majibu hayakuingia kwenye simu? Wewe umeikataa kwa kitu ambacho ndicho kizuri chake. Kibaya kiko mbele, hujakifikia.

Fanya hivi. Anza tena hapohapo kwa chui, usirudi nyuma. Ile ya Netflix uliyofungua ina sauti za Kihindi, ukiipata ya Kitelugu ni bora zaidi, midomo inakwenda na maneno. Ni saa tatu na dakika kadhaa, kwa hiyo igawe pale wanapoandika mapumziko. Usiangalie kwenye simu, nenda kwa kaka yako mwenye televisheni kubwa, na umwambie shemeji aongeze sauti. Ukifika pale Bheem anapoomba kufundishwa kusoma, niambie kama mimi ndiye ninayechokonoa. Mume wangu anasema nachokonoa. Yeye alisimama akapiga makofi, akanikemea nimeharibu utamu.

Nisalimie mama, na mwambie ule ukindu nimeupata, nautuma na basi la Jumamosi.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaisha